Kano ya kisigino imekatika: nipasuliwe au nisipasuliwe, na tafiti hizi zisomwe vipi?

Mchezaji wa Jioni (swali)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Ninaandika nikiwa nimeegemeza mguu wa kushoto juu ya mito miwili, umefungwa plasta ya nusu, na wayo umeelekezwa chini kama wa mtu anayechungulia dirisha kwa ncha za vidole. Nina umri wa miaka 39, sina kisukari, sivuti sigara, na hadi siku tano zilizopita nilikuwa nikicheza mpira mara mbili kwa wiki. Siku hiyo nilikuwa nimesimama tu; nikageuka ili nianze kukimbia, nikasikia mlio kama wa kamba nene iliyokatika na pigo kali nyuma ya mguu. Niligeuka kumtazama aliyenipiga teke, na hapakuwa na mtu yeyote karibu yangu.

Kituo cha kwanza nilichopelekwa waliniambia nimeteguka kifundo, kwa sababu niliweza kusogeza wayo kidogo na picha ya eksirei haikuonyesha mfupa uliovunjika. Siku ya tatu, nilipoona siwezi kabisa kujiinua kwa vidole vya mguu huo, nilikwenda kwingine. Daktari wa pale alinilaza kifudifudi, miguu ikaning'inia nje ya ukingo wa kitanda, akakiminya kigimbi cha mguu wa kulia: wayo ukashuka wenyewe. Akakiminya cha kushoto, na wayo haukutikisika. Alirudia mara tatu ili mke wangu naye aone. Kisha akaniongoza kidole changu hadi sentimita nne hivi juu ya mfupa wa kisigino, na pale ambapo panapaswa kuwa na kamba ngumu nikakuta bonde laini. Altrasaundi ikathibitisha kwamba kano ya Achilles imekatika yote.

Sasa niko njia panda. Daktari mmoja wa mifupa anataka kunipasua wiki hii. Mwingine, ambaye pia ni mzoefu, anasema nivae buti maalumu, nifuate mazoezi, na sitajutia. Wote wawili walinieleza kwa upole, na wote wawili walisema kwamba tafiti zinawaunga mkono. Nimesoma muhtasari wa utafiti wa Norwei wa mwaka 2022 unaosema kwamba matokeo baada ya mwaka mmoja hayakutofautiana, lakini papo hapo unasema waliotibiwa bila upasuaji walikatika tena kwa wingi zaidi. Mambo haya mawili yanawezaje kuwa kweli kwa pamoja? Na mtu kama mimi, ambaye anahitaji kuamua ndani ya siku chache, azisome vipi namba hizi?

---

Msomaji wa Takwimu

Pole sana ndugu. Kazi yangu ni takwimu za tafiti za afya, si tiba, kwa hiyo nitazungumzia namba peke yake na kuwaachia wengine mguu wenyewe.

Utafiti ulioutaja ulichapishwa katika jarida la New England Journal of Medicine. Wagonjwa 554 wenye umri wa miaka 18 hadi 60 waligawanywa kwa kura katika makundi matatu: waliotibiwa bila upasuaji, waliopasuliwa kwa mkato wa kawaida, na waliopasuliwa kupitia matundu madogo. Mwishoni walichambuliwa 526. Kipimo kikuu kilikuwa alama ziitwazo ATRS, ambazo hutokana na maswali 10 anayojibu mgonjwa mwenyewe kuhusu nguvu, uchovu, maumivu, kupanda ngazi, kukimbia na kuruka. Alama 100 maana yake ni mguu usio na shida yoyote. Baada ya miezi 12 makundi yote matatu yalikuwa yamepungukiwa na alama 15 hadi 17 hivi kulinganisha na hali yao kabla ya kuumia, na tofauti kati yao ilikuwa ndogo kiasi kwamba haiwezi kutenganishwa na bahati tu.

Sasa tazama lile la pili. Katika kundi lisilopasuliwa, kano ilikatika tena kwa asilimia 6.2 ya wagonjwa, ilhali katika kila kundi la upasuaji ilikuwa asilimia 0.6. Ukiyageuza maneno haya kuwa watu, kundi moja lilikuwa na watu wapatao 175, kwa hiyo tunazungumzia watu 11 upande mmoja, na mtu 1 katika kila kundi la upande mwingine. Wastani wa kundi hauwezi kubebwa na watu 11 kati ya 175. Hata kama kila mmoja wao alikuwa na mwaka mgumu kupita kiasi, sauti yao inamezwa na wale zaidi ya 160 ambao walipona kama wenzao. Ndiyo maana kauli zote mbili ni za kweli. Wastani unajibu swali la mtu wa kawaida katika kundi, na hesabu ya waliokatika tena inajibu swali la hatari. Ni maswali mawili tofauti, na wewe unahitaji majibu yake yote.

Lakini usiishie hapo, kwa sababu upasuaji nao una hesabu yake. Katika utafiti huohuo neva zilijeruhiwa kwa asilimia 5.2 ya waliopasuliwa kupitia matundu madogo, asilimia 2.8 ya waliopasuliwa kwa mkato wa kawaida, na asilimia 0.6 tu ya wasiopasuliwa. Mwaka 2019 jarida la BMJ lilichapisha uchambuzi uliojumlisha tafiti 29 zenye wagonjwa 15,862, na picha ikawa ileile kwa namba tofauti: kukatika tena kulikuwa asilimia 2.3 kwa waliopasuliwa na 3.9 kwa wasiopasuliwa, ilhali madhara mengine, hasa maambukizi ya kidonda, yalikuwa asilimia 4.9 dhidi ya 1.6. Kwa hiyo daktari wako wa kwanza anaangalia safu moja ya jedwali na wa pili anaangalia safu nyingine, na hakuna hata mmoja anayekudanganya.

Kuna jambo moja ambalo ningependa ulitilie maanani kuliko yote. Ndani ya uchambuzi huo wa 2019, watafiti walizitenga tafiti ambazo wagonjwa walianza mapema kusogeza kifundo kwa utaratibu uliopangwa. Katika tafiti hizo, tofauti ya kukatika tena kati ya waliopasuliwa na wasiopasuliwa haikuonekana tena kwa uhakika. Utafiti wa Kanada wa mwaka 2010 uliotumia utaratibu wa aina hiyo ulikuwa na wagonjwa 144: waliokatika tena walikuwa 2 kwa waliopasuliwa na 3 kwa wasiopasuliwa. Ni namba ndogo mno za kujengea uhakika, na ule wa Norwei ambao ni mkubwa zaidi umeonyesha pengo lililo wazi, kwa hiyo mimi siwezi kusema kwamba pengo halipo. Ninachoweza kusema ni kwamba ukubwa wake hubadilika kulingana na namna mgonjwa asiyepasuliwa anavyohudumiwa, na hilo ndilo swali ambalo ningempelekea yule daktari wa pili kabla ya lingine lolote.

---

Mtaalamu wa Viungo

Ndugu Mchezaji, pole kwa maumivu. Ninamshukuru Msomaji wa Takwimu kwa kufungua mlango ambao mimi nilitaka kuupitia. Nimewahudumia wagonjwa wa kano hii kwa miaka mingi, waliopasuliwa na wasiopasuliwa, na kosa ninaloliona mara nyingi ni kudhani kwamba kutopasuliwa ni sawa na kutotibiwa. Katika tafiti zinazotajwa hapa, kundi la bila upasuaji lilikuwa kwenye tiba yenye ratiba, yenye vifaa, na yenye mtu wa kuifuatilia. Mgonjwa anayefungwa plasta na kuambiwa arudi baada ya wiki nane hayumo katika tafiti hizo, hata kama naye hakupasuliwa.

Ili ueleweke msingi wake, fikiria ncha mbili za kamba iliyofumuka. Haziunganishwi na uzi. Zinaunganishwa na mwili wenyewe, ambao huzijaza kwa damu iliyoganda, kisha kwa tishu changa, kisha kwa nyuzinyuzi ambazo huchukua miezi kujipanga upande mmoja. Ili hilo lifanyike vizuri ncha zinapaswa kukaribiana, na hukaribiana pale wayo unapoelekezwa chini. Ndiyo sababu umefungwa ukiwa hivyo. Kwenye buti huwekwa kabari chini ya kisigino, mara nyingi tatu au zaidi zilizopandishwa moja juu ya nyingine, nazo hupunguzwa moja baada ya nyingine kwa wiki kadhaa hadi wayo ukae bapa. Mgonjwa huanza kukanyagia mguu mapema kwa msaada wa magongo, huku kifundo kikiruhusiwa kushuka lakini kikizuiliwa kupanda kupita kiwango cha ratiba. Kukanyaga huko mapema hakudhuru, na kuna ushahidi mzuri. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa katika Lancet mwaka 2020 uliwagawanya wagonjwa 540 wasiopasuliwa kati ya plasta na kifaa cha kuvaa kinachoruhusu kukanyaga. Baada ya miezi tisa alama zao zilikuwa takribani sawa, 73.5 kwa plasta na 74.4 kwa kifaa, na kukatika tena kulikuwa asilimia 6 kwa plasta na 5 kwa kifaa.

Huenda ukauliza kwa nini basi madaktari wengi, hasa waliosomea kazi hii zamani, wanaegemea upasuaji. Hawakuegemea bila sababu. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2005 ulikuta kukatika tena kwa asilimia 12.6 kwa wasiopasuliwa, dhidi ya 3.5 kwa waliopasuliwa, na tafiti zilizokuwemo zilitoka katika enzi ambayo mgonjwa asiyepasuliwa alikaa ndani ya plasta ngumu kwa wiki nyingi. Mtu aliyeiona asilimia hiyo kwa macho yake, wodini, hawezi kuisahau kwa urahisi, na mimi ninamheshimu kwa hilo. Kilichobadilika tangu wakati huo ni namna ya kuuguza kano isiyoshonwa.

Sasa nikuambie mahali ambapo tiba hii huharibika, kwa sababu karibu kila mara huharibika mahali palepale. Haiharibiki hospitalini; huharibika bafuni. Namkumbuka mgonjwa mmoja aliyefuata kila agizo kwa wiki saba, akavua buti ili aoge, akaukanyaga wayo bapa kwenye sakafu yenye maji, ukateleza mbele. Alisikia mlio uleule wa siku ya kwanza. Kipindi cha hatari ni miezi mitatu ya mwanzo, na hasa wiki zile ambazo buti linakaribia kuvuliwa au limetoka kuvuliwa, kwa sababu maumivu yamekwisha na mtu anajiona mzima ilhali tishu bado ni changa. Tayarisha kiti cha kuogea tangu leo, upasuliwe usipasuliwe.

Hatari ya pili ni ya kimyakimya zaidi, nayo ni kano kupona ikiwa ndefu kuliko ilivyokuwa. Kano ndefu haiumi na haionekani kwa mtu asiyejua kuitafuta, lakini kigimbi hukosa mvuto. Utaweza kutembea, utapanda ngazi, ila kujiinua kwa mguu mmoja na kubaki juu kutakushinda, na mpirani utakosa ile hatua ya kwanza ya mbio. Ndiyo maana siruhusu mgonjwa yeyote kuivuta kano kwa mazoezi ya kunyoosha katika miezi ya mwanzo, hata anapolalamika kwamba kifundo kimekaza. Kukaza huko ndiko ninakokutaka.

Kwa hiyo swali langu kwako si kama upasuliwe. Ni hili: yule daktari wa pili ana ratiba iliyoandikwa wiki kwa wiki, ana buti lenye kabari, na kuna mtu wa mazoezi tiba atakayekuona kwa ukaribu? Ikiwa yote matatu yapo, tafiti unazosoma zinakuhusu. Ikiwa hayapo, zinamhusu mtu mwingine, na upasuaji unakuwa na uzito ambao ndani ya tafiti hizo haukuonekana.

---

Mama Mkimbiaji

Mimi nilipasuliwa miaka mitatu iliyopita, kupitia matundu madogo, na ninataka kuipa ile asilimia 5.2 sura ya mtu.

Operesheni yenyewe ilikwenda vizuri, kovu ni dogo mno, na nilirudi kukimbia mwezi wa kumi. Lakini nyuzi moja ya neva inayopita pembeni ya kano iliguswa au ilibanwa. Nikipitisha kidole kuanzia chini ya kifundo cha nje hadi kidole kidogo cha mguu, ninahisi kana kwamba kuna soksi nene katikati ya kidole changu na ngozi yangu, ilhali sijavaa kitu. Mshono wa kiatu ukisugua pale sijui, na mara mbili nimekuta malengelenge yaliyokwisha pasuka bila mimi kuhisi chochote. Miezi sita ya mwanzo palikuwa pakichoma usiku, hilo limekwisha.

Sijutii uamuzi wangu, na ningeambiwa nichague upya huenda ningechagua vilevile, kwa sababu wakati ule nilikuwa nikiishi peke yangu, ghorofani, na niliogopa kukatika tena kuliko kitu kingine chochote. Ninachosikitikia ni kwamba sikuambiwa. Fomu niliyotia sahihi ilitaja neva ndani ya orodha ndefu, katikati ya mambo ambayo hayatokei kamwe na mambo ambayo hutokea. Ndugu yangu, mwambie daktari wa upasuaji akuchoree kwenye ngozi yako mahali neva hiyo inapopita na akueleze kwa kinywa chake anaikwepa vipi.

---

Aliyechelewa

Nitasema kwa ufupi. Yangu iligunduliwa wiki ya saba. Niliambiwa nimeteguka, kama ulivyoambiwa wewe, na nikaendelea kuchechemea kazini. Eksirei yangu nayo ilikuwa safi, nami nikaifanya ushahidi kwamba sina shida. Baadaye nilielezwa kwamba zile kanuni zinazotumiwa na wengi kuamua nani apigwe eksirei ya kifundo, zilizotungwa na madaktari wa Ottawa mwaka 1992, zilitengenezwa kwa ajili ya kutafuta mifupa iliyovunjika, na kwa kazi hiyo ni nzuri sana. Kano iliyokatika hazikuwahi kuahidi kuiona.

Kufikia wiki ya saba ncha zilikuwa zimejivuta mbali na hapakuwa na habari ya kuchagua. Nilipasuliwa, na kwa sababu kano yenyewe haikufika, daktari aliazima kano inayokunja kidole gumba cha mguu akaiunganisha na mfupa wa kisigino. Ninatembea vizuri. Ila namna tafiti hizi za kulinganisha zinavyozungumzia wagonjwa waliogunduliwa mapema, mimi simo. Wewe umo, kwa sababu kuna mtu alikiminya kigimbi chako siku ya tatu. Usiache siku zikatike ukisoma.

---

Mchezaji wa Jioni

Ninawashukuru nyote kutoka moyoni. Mama Mkimbiaji, maelezo yako kuhusu soksi nimemsomea mke wangu kwa sauti.

Leo asubuhi nilirudi kwa yule daktari wa pili nikiwa na maswali ya Mtaalamu wa Viungo yameandikwa kwenye karatasi. Ratiba ipo; ni kurasa mbili, kuanzia wiki ya kwanza hadi mwezi wa sita, na buti lina kabari nne. Mtaalamu wa mazoezi ataniona kila wiki kwa wiki 12 za mwanzo. Altrasaundi ilirudiwa wayo ukiwa umeelekezwa chini, na nikaziona kwenye kioo ncha mbili zikisogeleana hadi zikagusana. Daktari alisema kwamba kama zingebaki na nafasi kubwa, yeye mwenyewe angenirudisha kwa mwenzake wa upasuaji.

Kwa hiyo ninaelekea kutopasuliwa, ingawa ile asilimia 6 bado inanikalia kichwani. Yamebaki mambo mawili. La kwanza, jamaa wa timu ananishauri nichomwe sindano ya chembe za damu, ile ambayo damu yako hutolewa, huzungushwa kwenye mashine, kisha sehemu yenye chembe sahani hurudishwa kwenye jeraha ili lipone haraka. La pili, daktari aliniuliza maswali mengi kuhusu damu kuganda, na sikuelewa kwa nini yanahusu kano.

---

Msomaji wa Takwimu

Kuhusu sindano hiyo jibu ni rahisi kuliko mengine yote katika mjadala huu. Uingereza walifanya jaribio kwa kano iliyokatika kama yako, bila upasuaji, kwa wagonjwa 230, na likachapishwa katika BMJ mwaka 2019. Kundi moja lilichomwa chembe sahani na lingine likachomwa sindano tupu isiyotia kitu, bila mgonjwa kujua lipi ni lipi. Walipopimwa kwa kujiinua kwa kisigino mara nyingi iwezekanavyo baada ya wiki 24, hapakuwa na faida. Mwaka 2021 jarida la JAMA lilichapisha majaribio mengine mawili ya sindano ya aina hiyo, moja kwa kano ya kisigino inayouma kwa muda mrefu bila kukatika, lenye wagonjwa 240, na jingine kwa kifundo kilicholika, lenye wagonjwa 100; nayo hayakuonyesha faida. Jamaa yako anakutakia mema, na huenda yeye alichomwa akapona. Lakini aliyechomwa sindano tupu naye alipona, na bila kundi la namna hiyo hakuna anayeweza kutenganisha kazi ya sindano na kazi ya muda.

---

Mtaalamu wa Viungo

Kuhusu damu kuganda: kigimbi ndicho pampu inayorudisha damu juu kutoka mguuni, na wewe pampu yako imekatwa kamba kisha ikafungwa isisogee. Damu ikikaa hutengeneza bonge ndani ya mshipa, na bonge likisafiri hadi mapafuni linaweza kuua. Hatari hiyo ipo kwa aliyepasuliwa na kwa asiyepasuliwa, kwa hiyo usidhani umeikwepa kwa kukwepa kisu. Aliyekuuliza alitaka kujua kama uliwahi kupata bonge, kama kuna ndugu wa damu aliyepata, na kama una jambo jingine linaloongeza hatari, ili aamue kama utumie dawa ya kuzuia. Kigimbi kikivimba kuliko jana, kikawa na joto na maumivu mapya, au ukipata kifua kubana na pumzi kukata ghafla, usisubiri miadi. Nenda usiku huohuo.

Kuna jambo jingine nililosahau kukuuliza. Kabla ya kuumia ulitumia dawa yoyote ya kuua bakteria ya jamii ya siprofloksasini, au dawa za steroidi? Tangu mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani imezitaka dawa za jamii hiyo ziandikwe onyo zito kuhusu kano kukatika. Ikiwa ulitumia, daktari anapaswa kuandika kwenye faili lako, kwa sababu una kano nyingine upande wa kulia.

---

Mchezaji wa Jioni

Siprofloksasini nilitumia, siku saba, wiki tatu kabla ya kuumia. Hakuna aliyewahi kuniuliza, nami sikujua kwamba ni habari ya kutaja. Nimempigia daktari simu sasa hivi na ameiandika. Buti nitavalishwa kesho saa tatu asubuhi. Mtaalamu, nikifika wiki ya 12, nitajuaje kwamba kano haikurefuka, kwa kuwa umesema haiumi?

---

Mtaalamu wa Viungo

Hilo ni la kumwachia yule atakayekuona kila wiki, lakini nitakueleza anachokitazama ili nawe umwombe akuonyeshe. Utalala kifudifudi kama siku ile ya tatu, magoti yote mawili yamekunjwa hadi nyayo zitazame juu, na miguu imelegezwa kabisa. Wayo wa mguu mzima hauangukii mbele. Kano yake huuvuta ukabaki umeinamia upande wa kigimbi kidogo. Wayo wa mguu ulioumia hulinganishwa na huo. Ukiinama sawa na mwenzake, au ukikaza zaidi kidogo, urefu ni mzuri na tunaendelea na mazoezi ya kuongeza nguvu. Ukiangukia mbele kuliko mwenzake, kano imerefuka, na hapo tunarudi nyuma hatua kadhaa kwenye ratiba kabla ya kuongeza uzito wowote. Mwambie mkeo apige picha ya ubavuni siku hiyo, kamera ikiwa sawa na usawa wa kitanda, kisha apige nyingine baada ya kila wiki nne kutoka mahali palepale.